Heko, Mnara wa Chumbe

Sisi wa Fukayosi hatuioni bahari mpaka tushuke Bagamoyo, lakini anayevuka kwa boti kutoka Dar kwenda Unguja anaujua mnara wa Chumbe. Waingereza waliujenga mwaka 1904 kwenye kisiwa cha matumbawe kusini mwa Mji Mkongwe. Mwaka 1926 ukafungwa taa ya gesi. Kinachonivutia zaidi, hata hivyo, ni msikiti mdogo wa mtindo wa Kihindi uliojengwa jirani ili watunza taa wapate pa kuswali. Aliyewaza hilo alikuwa muungwana! Nyumba ya mtunza taa, iliyokuwa gofu, sasa inapokea wageni wa hifadhi iliyotangazwa 1994, na wavuvi wa zamani ndio walinzi wa matumbawe. Hongereni sana. Ukifika, panda ngazi hadi juu.