Jiko la Kuni Lililojengwa Sawasawa, na Kuni za Kulilisha

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makete kuna vijiji vilivyopanda zaidi ya hapo. Juni ikishaingia, jikoni ndiko kwenye sebule: wageni wanakaribishwa huko, watoto wanafanyia huko kazi za shule, na mzee hatoki mpaka jua lichomoze. Ndiyo maana anayejenga nyumba ya kudumu huku hutaka jiko la kuni lenye bomba la moshi. Na inauma kuona mtu amelipa fedha nzuri akapewa jiko linalong'aa vigae kwa mbele huku chumba kizima kinafuka. Vigae havipiki. Ubora wa jiko umejificha ndani, ambako moto unapita, na nusu yake haimo hata ndani ya jiko. Iko nje ukutani, kwenye kichanja cha kuni. Mwenye nyumba anayejua kupatazama hapo hadanganyiki kirahisi.

Sina ugomvi na gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, nami naombea lengo hilo litimie. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na sehemu kubwa ya hewa hiyo ni moshi wa kupikia kama huu tuliouzoea. Lakini wenye kuni bado ni wengi, na baridi haiwasubiri. Maadamu tunachoma kuni, tuzichome kama inavyopasa.

Ukitaka kumpima fundi, mwombe akupeleke kwenye jiko alilolijenga mwaka jana. Jiko la wiki iliyopita halikuambii kitu, kwa kuwa kila jiko jipya ni zuri. La mwaka mmoja limeshakunjua yaliyomo. Tazama ukuta ulio juu ya mdomo wa kutilia kuni. Ukiona ulimi mweusi wa masizi umepanda kutoka mdomoni kwenda juu, ujue moshi unarudi chumbani kila siku, hata kama mwenyeji atakuapia kwamba ni siku ya kwanza tu uliporudi. Kisha omba jiko liwashwe. Likishapata moto kwa dakika kumi hivi, washa njiti ya kiberiti uishike karibu na mdomo. Mwali wake unatakiwa ulale kuelekea ndani, tena bila kusitasita. Ukisimama wima, jiko halivuti. Ukiinama kukujia wewe, usiendelee na mazungumzo ya bei.

Kuvuta kwa jiko kunaanzia kwenye chemba, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu ndipo mafundi wengi wanapoanguka. Ukuni hauwaki moja kwa moja kama macho yanavyotuonesha. Joto linauvunja kwanza, unatoa gesi, na ni gesi hizo zinazoshika moto na kuwa ndimi. Kinachobaki nyuma ni kaa. Zaidi ya nusu ya nishati ya ukuni imo katika gesi. Zinahitaji joto la nyuzi 600 hivi, hewa ya kutosha, na nafasi ya kuungua kabla hazijagusa kitu cha baridi. Zikikosa kimojawapo zinatoka zikiwa moshi, yaani chakula cha moto kilichotupwa nje bila kuliwa. Kwa hiyo kuta za chemba zinatakiwa zilinde joto, zisilinywe. Watu wengi wanaamini kwamba udongo ukijazwa mnene ndivyo jiko linavyokuwa bora. Sivyo. Majiko ya Lorena, yaliyobuniwa Guatemala baada ya tetemeko la ardhi la 1976 kwa udongo na mchanga, yalienea nchi nyingi kwa sababu yalikuwa mazuri na yalitoa moshi nje. Yalipopimwa, mengi yalionekana kula kuni sawa na mafiga, mengine kuyazidi. Joto lilikuwa linaishia kwenye udongo mzito badala ya kufika kwenye sufuria.

Jibu lilitoka Oregon, Marekani, miaka ya 1980, ambako Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho alibuni chemba yenye umbo la kiwiko: kuni zinaingia kwa ubavu, moto unapanda wima katika njia nyembamba iliyozungushiwa kitu chepesi chenye vitundu vya hewa. Majiko mengi banifu tunayoyaona Afrika Mashariki leo yana damu ya chemba hiyo. Fundi wa huku anaipata kwa matofali ya udongo uliochanganywa na unga wa mbao. Tofali likichomwa, unga unaungua na kuacha vitundu. Mwombe fundi akupe tofali moja la chemba na moja la ukuta, uyashike yote mawili kwa pamoja. La chemba linatakiwa liwe jepesi kiasi cha kukushangaza. Lakini wepesi una gharama yake: tofali hilo ni laini, na kuni zinazosukumwa kila siku zinalikwangua. Hapo ndipo utakapomtambua bingwa. Mdomoni, penye kugongwa, anaweka tofali gumu. Ndani, penye joto kali, anaweka jepesi. Anayejenga chemba nzima kwa aina moja bado anajifunza.

Chungulia pia viungo vya matofali. Ukiona saruji ndani ya chemba, jiko halitafika masika ya pili, kwa kuwa saruji haistahimili moto. Inapasuka na kumong'onyoka. Kinachostahili ni udongo, na ule wa kichuguu una sifa nzuri kwa ajili hii, uliochekechwa na kutiwa mchanga kidogo, katika viungo vyembamba. Kama chemba ni ya kigae cha mfinyanzi, kama yalivyo majiko ya Upesi yaliyoenea magharibi mwa Kenya, kigonge kwa ukucha kabla hakijajengewa. Kilichoiva kinalia kama kengele. Chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa, na ufa haupotei kwa kupakwa udongo.

Ndani ya mdomo lazima pawe na kichanja kidogo cha chuma au kigae, kuni zilale juu yake na hewa ipite chini. Ni kitu cha bei ndogo, nacho ndicho cha kwanza kuachwa na fundi mwenye haraka. Bila hicho kuni zinaziba njia ya hewa, na mama wa nyumba anabaki kupuliza.

Sasa weka sufuria. Si sufuria ya fundi. Yako, ile unayoipikia ugali kila siku. Kati ya sufuria na ukuta wa tundu lake panatakiwa pengo la sentimita moja hadi moja na nusu, na liwe sawa pande zote. Likizidi, moto unapita katikati bila kuigusa sufuria. Likipungua, jiko linakabwa na moshi unatafuta mlango mwingine. Fundi mwangalifu huomba sufuria zako siku ya kwanza ya ujenzi, anazipima kwa kamba, anaandika. Asiyeuliza ukubwa wa sufuria zako anajenga jiko la mtu mwingine. Baada ya mapishi mawili matatu, pitisha kidole chini ya sufuria: masizi makavu, membamba, ni kawaida, utando mzito unaonata ni ushahidi kwamba moto unaguswa na baridi mapema mno.

Na joto la chumba? Hapa udongo mzito unapata kazi yake halali. Gesi zikishaungua na sufuria ikishapata haki yake, moshi wa moto unaweza kupitishwa ndani ya benchi la matofali kabla ya kupanda bombani, benchi likahifadhi joto mpaka usiku. Siri ni mpangilio: wepesi kwanza, uzito baadaye. Njia ya benchi isiwe ndefu kiasi cha kuua mvuto, na iwe na kidirisha cha kusafishia majivu.

Bomba lenyewe ni jambo la usalama kuliko la sifa. Bati jembamba la kuezekea lililokunjwa linatoboka upesi. Dai bomba la chuma kinene, au dohani ya matofali. Linapopita kwenye kenchi na singibodi lisiguse mbao kabisa: liachiwe nafasi pana, lizungushiwe kitu kisichoungua, na pale linapotoka kwenye bati liwe na kola ya kuzuia mvua. Juu ya paa lipande angalau sentimita 90 kutoka pale linapochomoza, na liwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu, la sivyo upepo wa milimani utaurudisha moshi ndani. Moshi wa kuni mbichi ukipoa humo ndani unaacha utando mweusi kama lami, na utando huo ndio unaoshika moto siku isiyotarajiwa. Bomba lisiloweza kufunguliwa na kupigwa brashi halijakamilika. Tena, hata jiko zuri namna gani halihalalishi kufunga chumba kabisa. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na makaa yanayofifia usiku ndiyo yanayoitoa kwa wingi. Tundu la hewa ukutani liwepo, na lisizibwe kwa nguo wakati wa Julai.

Ukimaliza hayo, toka nje utazame kuni. Nawaambia wote wanaoniuliza: jiko bora likilishwa kuni mbichi linageuka kuwa jiko baya, na hakuna fundi wa kulitengeneza. Kilo moja ya kuni zenye asilimia 20 ya maji inatoa megajuli 15 hivi za joto. Kilo ileile, nusu yake ikiwa maji, inatoa 8 tu, kwa sababu moto unatumika kwanza kuchemsha maji yaliyomo kwenye ukuni kabla ya kuchemsha yaliyomo sufuriani.

Kwa hali ya hewa ya nyanda za juu kusini, kuni za msimu mmoja zikatwe mvua zinapoisha na zipasuliwe mara moja, ili jua na upepo wa Juni hadi Oktoba vizimalize kabla ya mvua za Novemba. Gome linazuia maji kutoka, kwa hiyo gogo zima halikauki hata likikaa. Unene wa kifundo cha mkono unatosha kwa jiko la kiwiko. Mkaratusi usiuchelewe: mbichi unapasuka vizuri, mkavu unavunja mpini wa shoka. Miwati, iliyooteshwa Njombe tangu zama za mkoloni kwa ajili ya magome yake, ndiyo naipenda kuliko zote. Ni mizito, inaungua taratibu na kuacha kaa la kudumu. Mgrivea ni mwepesi, mzuri kwa chai ya asubuhi. Msindano una utomvu na masizi mengi; utumie vibanzi vyake kukokea moto, usiufanye chakula cha kila siku. Mnyaa usiuingize ndani, moshi wake unawasha macho.

Muuzaji akija na tela, chukua vipande viwili uvigonganishe. Vikavu vinalia kwa ukali; vibichi vinatoa kishindo kizito. Angalia ncha: nyufa zinazotawanyika kutoka kwenye kiini ni dalili njema, gome linalochomoka kwa kidole pia. Rangi isikudanganye, maana kuni zilizolala mvuani zinakuwa kijivu zikiwa zimelowa tepetepe. Rangi ya kijani ndiyo ya kuogopa. Katika mikoa yetu, ambako nguzo za umeme hutiwa dawa viwandani, masalia yake huuzwa kama kuni, na hushika moto vizuri. Dawa inayotumika sana, ndiyo inayoacha kijani hicho, ni ya shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki inatoka na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu yale ambayo mtu anayatupia mboga bustanini. Kipande cha namna hiyo kirudishe, hata kikitolewa bure.

Kichanja kijengwe juu ya mawe au matofali, sentimita 20 au zaidi kutoka ardhini, mchwa wasipate njia ya kificho na nyoka wasipate maficho. Kifunikwe juu tu. Pembeni pawe wazi. Turubai lililofunika mpaka chini linafuga unyevu. Kuni zipangwe ncha zikitazama upande upepo unakotoka, na za mwaka huu zitengwe na za mwaka jana kwa kigingi, maana mtoto akitumwa usiku atachukua zilizo karibu. Kichanja kisiegemee ghala la mahindi. Dumuzi, yule mdudu mharibifu wa mahindi aliyegunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na wakulima wakampa jina la Scania, anaishi ndani ya miti mikavu vilevile kama ndani ya punje, na kuni ni daraja lake.

Ndani ya nyumba ingiza za siku moja au mbili tu, zikae umbali wa mita moja na jiko. Bibi zetu walizipanga juu ya dari la mafiga zikakaushwa na moshi, na ilifaa kwa moto ule wa wazi. Jiko la bomba halitoi moshi chumbani, linatoa joto kali pembeni mwake, na kuni zilizoegemezwa ubavuni mwa bomba zinaweza kushika moto watu wakiwa wamelala.