Warithi na Waliorithiwa

Mshindi ndiye asimuliaye vita, aliyeshindwa husimuliwa. Udhalimu huo William Golding, mwandishi wa Uingereza, aliutambua alipotoa mwaka 1955 riwaya yake ya pili, The Inheritors, yaani "Warithi". Walioshindwa humo ni Waneanderthali, jamaa zetu waliotoweka duniani yapata miaka 40,000 iliyopita. H. G. Wells alikuwa amewaeleza kama viumbe vya kutisha. Golding akayaweka maneno hayo mwanzoni mwa kitabu, kisha akaandika kinyume chake.

Ustadi wake umo katika lugha. Lok, mhusika mkuu, huwaza kwa picha, si kwa hoja. Anapolengwa mshale hajui mshale ni nini: aona kijiti kikifupika kisha kikirefuka, na mara kitawi kigeni kimechomoza mtini karibu na uso wake. Adhani ametunukiwa. Msomaji anajua, Lok hajui; ndani ya pengo hilo ndimo uchungu wote wa riwaya ulimojificha.

Lakini huruma nayo ina kasoro zake. Ili viumbe wake wapendeke, Golding amewanyima ujuzi: hawawindi, na fikra zao haziunganiki. Ardhi yatoa ushahidi mwingine. Waneanderthali waliwinda wanyama wakubwa, na walitengeneza gundi kwa kuunguza magome ya miti. Mfupa wa shina la ulimi uliofukuliwa Kebara, Israeli, mwaka 1983 unafanana mno na wetu. Katika pango la Shanidar, Iraki, yalipatikana mabaki ya mtu aliyepooza mkono na kuumia vibaya jichoni, ambaye hata hivyo aliishi miaka mingi baadaye. Ni vigumu kuamini kwamba hakuwa na wa kumtunza.

Kumsifu mtu kwa wema huku ukimpokonya akili ni dharau iliyovikwa kanzu ya mapenzi. Wells aliwafanya mazimwi, Golding akawafanya watoto. Hakuna aliyewafanya watu.

Hata hivyo, mshairi huweza kukosea njia akafika. Mwishoni mwa riwaya, washindi wanaondoka kwa mashua wakiwa na mtoto mchanga wa walioangamizwa, akinyonyeshwa na mmoja wa wanawake wao. Mwaka 2010 Svante Pääbo na wenzake walithibitisha kwamba damu zilichanganyika: wengi wenye asili ya nje ya Afrika wamebeba takriban asilimia 2 ya urithi huo. Mtoto yule hakushuka mashuani hadi leo.