Herufi mbili kwenye kopo la maziwa

Msomaji, kama umewahi kusimama mbele ya rafu ya maziwa ya kopo kwenye duka la dawa mjini, huenda uliziona herufi HA. Kwa lugha ya muuzaji, maana yake ni kwamba mtoto akinywa haya hatapata mzio: si ukurutu, si pumu. Dada mmoja wa kisiwani Bumbire, mwenyewe ana pumu, aliniuliza kama ajibane anunue kopo hilo kwa ajili ya mtoto anayemtarajia. Nilimwomba siku mbili nikasome.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Kinga ya mwili huitambua protini ya maziwa ya ng'ombe kwa vipande vyake fulani. Kiwandani protini hiyo hukatwakatwa kwa vimeng'enya ili isitambulike kirahisi. Kwa mtoto ambaye tayari ana mzio wa maziwa ya ng'ombe, yale yaliyokatwa sana ni tiba ya kweli, na hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni pale tunapoambiwa kwamba kinachomsaidia mgonjwa kitamkinga na mzima. Hilo linadai ushahidi wake peke yake.

Sasa angalia sehemu ya ushahidi huo ilikotoka. Mwaka 1989 Ranjit Chandra, wa Memorial University nchini Canada, alichapisha makala katika jarida la BMJ. Alidai kwamba kwenye familia zenye mzio, watoto waliopewa maziwa yaliyokatwa protini walipata ukurutu mara chache mno kuliko waliopewa ya ng'ombe ya kawaida au ya soya. Matokeo safi kweli kweli. Safi kupita kiasi, kumbe! Nesi aliyefanya naye kazi alitoa taarifa ya wasiwasi wake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chuo kikachunguza, kikanyamaza. Mwaka 2006 shirika la utangazaji la CBC likaanika mambo hadharani, na BMJ ikaifuta makala hiyo mwaka 2015. Yaani miaka 26. Mtoto aliyenyweshwa kopo kwa ushauri ule alishafikia umri wa kuzaa wake.

Si kwamba wote walidanganya. Utafiti wa GINI wa Ujerumani, ulioanza mwaka 1995 na watoto zaidi ya 2,000, ulifanywa kwa uangalifu na uliona ukurutu ukipungua kiasi. Ila mwaka 2016 Robert Boyle na wenzake walipojumlisha majaribio 37, hawakupata ushahidi thabiti kwamba maziwa haya yanazuia mzio, na walikuta dalili za upendeleo na za mgongano wa maslahi.

Mimi naongeza lawama moja. Majaribio haya hulinganisha kopo na kopo, na mengi yamefanyika kwenye nyumba ambako maji salama hutoka bombani. Bumbire mtu huchota ziwani. Unga wa maziwa hauuzwi ukiwa hauna vijidudu kabisa, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri uchanganywe na maji yasiyopungua nyuzi joto 70. Piga hesabu ya kuni, usiku na mchana. Na kopo likikaribia kuisha kabla boti haijaja, maziwa huongezwa maji. Jambo hili si geni: Mike Muller aliliandika mwaka 1974, na mwaka 1981 dunia ikapitisha kanuni za kudhibiti matangazo ya maziwa haya. Herufi HA zinapenya palepale, kwa sababu zinavaa koti la daktari.

Kinachonifurahisha ni kwamba ushahidi mzuri zaidi wa kuzuia mzio wa chakula hautoki kwenye kopo. Utafiti wa LEAP wa London, mwaka 2015, ulichukua watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai. Waliolishwa karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa kiasi kilichopungua kwa takriban asilimia 80. Wazazi walikuwa wameambiwa kinyume chake kwa miaka! Karanga za kusaga laini kwenye uji, basi. Si nzima, zitamkaba.

Nilimjibu dada: nyonyesha miezi sita bila kingine, kisha mpe vyakula vya nyumbani. Pumu yako, nilimwambia ukweli, hakuna kopo linaloahidi kwa haki kuizuia isimfikie mtoto. Akauliza kama dagaa nao wasubiri hiyo miezi sita.

Wasubiri.