Waraka Mwepesi, Fungu Zito

Atakaye kuelewa jinsi serikali kuu ya Marekani ilivyozisaidia shule za umma wakati wa maradhi ya korona asianzie kwenye barakoa wala kwenye sindano ya chanjo, bali apande juu ya paa la shule, huko uliko mtambo wa kuvuta na kusafisha hewa ya madarasa, aitazame kutu yake. Juni 2020 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo, kwa kutegemea uchunguzi uliofanywa kabla maradhi hayajaingia, ilikadiria kwamba wilaya 41 katika kila wilaya 100 za shule zilikuwa na haja ya kutengeneza au kubadilisha mitambo ya namna hiyo katika nusu au zaidi ya shule zao, nazo shule zenyewe zikawa takriban 36,000. Maradhi yasafiriyo kwa pumzi, basi, yalizikuta shule ambazo pumzi yake ilikuwa na kasoro tangu zamani. Nami kipimo changu katika uchambuzi huu ni hicho hicho: fedha zilifika juu ya paa, au hazikufika?

Marekani haina wizara iendeshayo shule. Wilaya za shule zapata 13,000, kila moja na bodi yake, aghalabu iliyochaguliwa na wenyeji, na sehemu kubwa ya kipato chake hutoka katika kodi ya majumba na katika hazina ya jimbo. Serikali kuu haina mkono wa kuifikia bodi hiyo isipokuwa ule ulioshika fedha. Ndipo Bunge likapitisha mafungu matatu, kila moja zito kuliko lililotangulia: dola bilioni 13.2 Machi 2020, bilioni 54.3 Desemba ya mwaka huo huo, na takriban bilioni 122 katika sheria aliyoitia saini Rais Joe Biden tarehe 11 Machi 2021. Jumla yake yakaribia bilioni 190, na shule za nchi ile hazijapata kupokea kutoka Washington kiasi kama hicho kwa dharura moja.

Kugawa fedha nyingi hivyo kwa haraka ni kazi iwezayo kuzaa mabishano ya miaka, na hapa watungaji wa sheria walifanya jambo la busara ambalo, kwa maoni yangu, halikusifiwa vya kutosha: hawakubuni kanuni mpya. Walichukua ile iliyokuwapo tangu sheria ya elimu ya 1965, inayozitengea wilaya ruzuku kwa kadiri ya watoto wa kimaskini waliomo, wakaipitishia maji kama mfereji uliokwisha kuchimbwa, wakaamuru kwamba katika kila dola iingiayo jimboni, senti 90 kwa uchache ziteremke wilayani. Natija yake ni kuwa Detroit, yenye wanafunzi wapatao 50,000 na ufukara usiofichika, ilipata kwa mafungu yote takriban dola bilioni 1.27, yaani karibu dola 25,000 kwa kila mtoto, ilhali wilaya za matajiri zilipata kwa kila mtoto sehemu ndogo mno ya kiasi hicho. Bodi ya Detroit ikaazimia kutia dola milioni 700 hivi katika majengo yake makongwe. Huko, angalau, fedha zilipanda ngazi.

Ama waraka wa usalama ulikuwa na tabia nyingine kabisa. Sheria ya 2021 iliitaka kila wilaya iliyopokea fungu la tatu itangaze hadharani, ndani ya siku 30, mpango wa kuwarudisha watoto madarasani kwa salama. Isikilize kwanza maoni ya wananchi. Kisha iupitie mpango huo upya kila baada ya miezi sita, hadi Septemba 2023. Wizara ya Elimu nayo ikataja mambo ambayo sharti yaelezwe: barakoa, kupeana nafasi, kunawa mikono, usafi wa majengo pamoja na hewa yake, kuwafuatilia waliogusana na mgonjwa na kuwatenga, vipimo, chanjo, marekebisho kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, na ushirikiano na maofisa wa afya. Msomaji akiishia hapo atadhani amekutana na amri kali. Lakini na arudi kwenye kitenzi. Wilaya haikuamriwa kuyatenda mambo hayo. Iliamriwa *kueleza* ni kwa kadiri gani imeyakubali. Bodi iliyoandika kwamba barakoa ni hiari ya mzazi, na kwamba nafasi itaachwa baina ya madawati pale inapowezekana, ilikuwa imetimiza sheria sawasawa na bodi iliyofunga kila pua na kila kinywa. Ukiufungua waraka wa namna hii, mara nyingi utakuta jedwali la safu mbili, kushoto jina la tahadhari, kulia sentensi moja au mbili, na katika mstari wa hewa safi maneno kwamba vichungi hubadilishwa kwa ratiba. Ni ratiba gani, na vichungi vya daraja gani, jedwali halisemi, wala halikuulizwa.

Wako walioliita jambo hilo udhaifu wa watungaji. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mwaka huo magavana wa Texas na Florida walikuwa wakizikataza shule kulazimisha barakoa; lau sheria ingeamrisha, ingekwama mahakamani huku watoto wakiwa bado nyumbani. Kosa lilikuwa pengine: waraka na fungu vilipita mlango mmoja bila kufungwa kamba moja. Hakuna mahali ambapo wilaya ililazimika kuandika, kando ya kila tahadhari iliyoikiri, ni dola ngapi za msaada zimekwenda kuitimiza, na kwa sababu hiyo mpango ulioandikwa kwa uangalifu na ule ulionakiliwa kwa jirani ilileta fedha zile zile.

Sharti moja la waraka linatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili: uandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa lugha ambayo wazazi wataielewa, au, isipowezekana, ufasiriwe kwa mdomo. Katika miji kama Louisville, jimboni Kentucky, walikotua wakimbizi wengi wa Kongo, Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosemwa sana na wanafunzi wageni. Mfasiri aliyepewa kazi kama hiyo hana budi kuchagua: aandike “kadiri” kwa uaminifu, mzazi asijue kama mwanawe atavaa barakoa au la, au afafanue, avuke mpaka wa tafsiri.

Turudi juu ya paa. Fedha hazikuja kama kapu la noti; wilaya ilitumia kwanza, kisha ikapeleka hati jimboni ili irudishiwe. Tarehe zilikuwa mbili, na waliozichanganya walijuta: ya kwanza, 30 Septemba 2024 kwa fungu la tatu, ndiyo mwisho wa kutia saini mikataba, ya pili, siku 120 baadaye, ndiyo mwisho wa kulipa, isipokuwa kwa aliyeomba muda akapewa. Na mtambo wa hewa ni bidhaa ya subira: huhitaji mchoro, idhini ya jimbo, zabuni, mafundi wanaolipwa ujira uliowekwa na sheria, na kiwanda ambacho mwaka 2021 kilikuwa kimeelemewa na maombi. Wakati huo huo Richard Corsi, mhandisi, na Jim Rosenthal, mtengenezaji wa vichungi, walikuwa wameonyesha kwamba vichungi vinne vilivyosimamishwa mraba, feni ya dirishani juu yake, kadibodi chini na utepe wa gundi kila pembe, hutoa kifaa kisafishacho hewa ya darasa kwa bei isiyofika hata kidogo ile ya mtambo. Wanafunzi waliviunda vifaa hivyo wenyewe sakafuni. Katika taratibu zote nilizozieleza, hakuna iliyoisukuma bodi ianze na feni hiyo wakati ikingoja mtambo.

Katika fungu la tatu, moja ya tano kwa uchache ilifungiwa kufidia masomo yaliyopotea. Fedha zilizobaki ziliruhusiwa kwa karibu kila lililohitajika ili shule iendelee, hata wilaya moja ya Wisconsin ikalipia nazo gharama zake za kawaida, na kwa fedha zake yenyewe zilizookoka hivyo ikatandika nyasi za bandia uwanjani. Watafiti wa Harvard na Stanford walipokadiria mwaka 2024, walipata kwamba kila dola 1,000 kwa mwanafunzi ziliongeza katika hisabati kama asilimia 3 ya masomo ya mwaka mmoja. Ni kidogo, lakini si sifuri, na kwa Detroit kidogo hicho huzidishwa mara nyingi.

Walioruhusiwa kuchelewa kulipa waliahidiwa hadi Machi 2026. Tarehe 28 Machi 2025, siku ya Ijumaa, Waziri wa Elimu Linda McMahon aliyaandikia majimbo kwamba muda huo umekwisha siku hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni. Majimbo kadhaa yakashtaki, na mwezi wa Mei jaji mmoja wa New York akaizuia hatua hiyo kwa walioshtaki. Mikataba ya ujenzi ilikuwa imekwisha kutiwa saini, mafundi wakingoja hati zao zirudi na malipo.