Moyo Ulioachwa Mtini: Jinsi Kisa cha Kima na Mamba Kilivyosukwa

Kima amepanda mgongoni mwa mamba, wako katikati ya maji mengi, naye kuogelea hajui. Hapo ndipo mamba anapomfichulia kwamba moyo wake unatakiwa ukaliwe. Kima halii wala haombi huruma. Anamlaumu rafiki yake kwa kutomwambia mapema, maana moyo ameuacha mtini, warudi wakauchukue. Wanarudi, kima anaruka juu, amepona.

Wengi hukisimulia kisa hiki cha India kama sifa ya ujanja wa kima. Ukikichunguza kilivyosukwa, utaona kwamba kazi kubwa zaidi imefanyika upande wa mamba.

Kisa kimo katika Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti chenye sehemu tano. Kitabu chenyewe kinaeleza kwamba Mfalme Amarashakti alimkabidhi mzee Vishnu Sharma wanawe watatu wasiopenda masomo, naye akaahidi kuwafunza busara ya utawala kwa miezi 6, kwa njia ya hadithi. Kima na mamba wanatawala sehemu ya nne, na mada ya sehemu hiyo ni kupoteza kitu ulichokwisha kukipata. Mwana wa mfalme aliyesikiliza alitakiwa amtazame yule aliyekuwa na windo mgongoni akalipoteza kwa kinywa chake.

Tazama uchache wa vifaa alivyotumia mtunzi. Kima anaishi juu ya mzambarau na humtupia mamba matunda. Mamba humpelekea mkewe yaliyobaki. Mke anawaza: anayekula matunda matamu hivi kila siku, moyo wake utakuwa na utamu gani? Zambarau zilezile zilizojenga urafiki ndizo zinazozaa tamaa ya kuuvunja. Hakuna adui aliyeletwa kutoka nje.

Kisha linakuja ungamo la katikati ya maji. Kwa nini mamba aseme? Kwa sababu anaona kazi imekwisha. Siri aliyoilinda nchi kavu haina uzito tena, kima ataponyokea wapi? Mtunzi ameuweka udhaifu wa mamba mahali pale pale anapojiona ana nguvu zote.

Uongo wa kima nao umepimwa vizuri. Haupingani na haja ya mamba, bali unaifuata. Mamba anataka moyo, kima anakubali kuutoa. Tena anamlaumu, na mwenye kulaumiwa hujikuta anarekebisha kosa badala ya kuuliza maswali. Katika Jataka, hadithi za Kibuddha zipatazo 547, kisa hiki kina njia nyingine: kima anauonyesha mtini wenye matunda na kudai kwamba zile ndizo nyoyo zinazoning'inia. Hapo mtoto anapewa picha ya kuona. Na kwa kuwa kima wa Jataka ni Buddha mwenyewe katika maisha yake ya zamani, sifa inamwendea yeye. Panchatantra imeuficha moyo ndani ya pango la mti, na macho yetu yanabaki kwa mamba anayeamini asichokiona.

Kilele cha ufundi kinakuja baada ya kima kuokoka. Mamba anarudia kumbembeleza ashuke. Kima anakataa kwa kutoa hadithi nyingine, ya punda wa dobi. Simba aliyejeruhiwa anamtuma mbweha amlete punda. Punda anakuja, anashambuliwa, anakimbia, kisha anadanganywa tena na kurudi kufa. Mbweha anaula moyo na masikio kwa siri, halafu anamwambia simba kwamba punda huyu hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Kima amekwisha kulijibu ombi la mamba bila kumtukana, na hadithi mbili zimefungwa kwa fundo moja: moyo uliodaiwa kuwa haupo.

Fundo hilo lina mahali pake maalumu. Msimulizi wa Panchatantra huchanganya nathari na beti. Mhusika hutaja fumbo, mwenzake huuliza ilikuwaje, ndipo hadithi ya ndani inapofunguka. Nathari inaweza kurefushwa au kufupishwa na kila msimulizi, lakini swali na fumbo hubaki, nayo hadithi haipotei njiani.

Ushahidi upo kwetu. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa aliandika Kalila wa Dimna kwa Kiarabu kutokana na tafsiri ya Kiajemi cha kale. Mle mamba amekuwa kobe, na mti ni mtini. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi alizosimuliwa Unguja, mojawapo ikiwa ya Punda wa Dobi. Mamba sasa ni papa, mti ni mkuyu, anayehitaji moyo ni sultani mgonjwa, na nafasi ya mbweha ameichukua sungura. Karibu kila kiungo kimebadilishwa, ila fundo halikuguswa: kima anamtaja punda wa dobi, papa anauliza huyo ni nani, na hadithi ya pili inaanza.

Vitabu vingi vya watoto siku hizi huishia pale kima anaporukia mti. Hapo mtoto anafundishwa kwamba mjanja hupona, basi. Anakosa nusu ngumu zaidi, kwamba aliyeponea chupuchupu hujaribiwa tena kwa maneno matamu, na kwamba kupona mara ya pili kunahitaji kumbukumbu kuliko ujanja. Waandishi na wachapishaji wetu, mrudisheni punda wa dobi kitabuni. Na wewe mzazi unayesimulia usiku, usimwache mtoto alale kabla papa hajauliza swali lake.