Vidonge vinne katika sufuria ya nyama

Walioitazama video ile ya jiko la harusi, iliyozunguka kwenye simu za kila mtu, wanaijua dakika yenyewe. Nyama imeshakaangwa na tangawizi na kitunguu saumu, maji yamemiminwa, sufuria iko juu ya mafiga. Mpishi anachoma kipande kwa uma, uma unagoma. Anaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, anatoa karatasi ya vidonge na kuminya kwa kidole gumba: kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. Paracetamol, miligramu 500 kila kimoja. Anafunika na kumwambia binti anayemsaidia, "Nusu saa tu mwanangu, utaona."

Hapo ndipo kazi ya asubuhi nzima ilipoharibika.

Kitunguu alikikaanga vizuri na nyama aliikata kwa kukatisha nyuzi. Hilo apewe. Lakini safu hii haiwezi kulipita la vidonge, maana wengi walioitazama video waliisifu mbinu, na wengine wameshaijaribu nyumbani.

Nyama ya ng'ombe mzee hugoma kwa sababu ya kolajeni, ule utando mweupe unaofunga misuli. Dawa yake ni moto wa taratibu na muda. Ikitokota saa mbili au tatu, kolajeni huyeyuka na kuwa jelatini, ule ute unaoifanya supu ya kongoro inate midomoni. Paracetamol haimo katika shughuli hiyo. Haina vimeng'enya vya kukata protini kama papai bichi, haina ukali wa ndimu, haina nguvu ya magadi. Imetengenezwa kutuliza maumivu na kushusha homa, basi. Nyama ya kwenye video ililainika kwa kuwa ilikaa nusu saa zaidi kwenye moto, imefunikwa, na sifa ya moto ikaenda kwa kidonge. Angeacha kuvitia, uma ungeingia vilevile.

Tena dawa haipai na mvuke. Sehemu kubwa hubaki kwenye mchuzi ikiwa dawa kamili, na sehemu inaweza kuvunjika na kuwa 4-aminofenoli, kemikali yenye sumu kwa figo. Kuvunjika huko huenda kasi zaidi penye asidi au magadi, yaani vitu ambavyo mpishi mwenye haraka huviongeza kwenye sufuria hiyohiyo. Nigeria, ambako mbinu hii imeenea kiasi cha kuwa kero ya taifa, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, NAFDAC, imewaonya wananchi hadharani waache kupikia paracetamol.

Wapo watakaosema gramu mbili zikigawanywa kwa sahani mia za wageni hazifiki popote. Kwa sahani mia, sawa. Lakini aliyejifunza kwenye video hana wageni mia. Ana sufuria ya watu watano, naye atatia vinne kwa sababu aliona vinne. Hapo kila sahani inaweza kubeba hadi miligramu 400. Mtoto wa kilo kumi, dozi yake ya mara moja ni kama miligramu 150. Mtu mzima mwisho wake ni gramu 4 kwa siku, na aliyeamka na homa huenda ameshameza vidonge vyake kabla ya kufika shughulini. Anayezidisha paracetamol haumii papo hapo. Siku ya kwanza anaweza kuhisi kichefuchefu tu, au asihisi kitu, huku ini likiharibika.

Kinachouma zaidi ni kwamba nyuma ya mpishi, upande wa kushoto wa picha, unaonekana mpapai wenye matunda mabichi. Hatua tatu tu! Safu hii imelisema jambo la papai mara nyingi na italisema tena. Zama za ukoloni Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza nje papaini, utomvu mkavu wa papai. Matunda mabichi yalichanjwa asubuhi, utomvu mweupe ukadondoka na kukingwa chini ya mti, ukakaushwa, ukasafirishwa, na Wazungu wakalainishia nyama yao. Bibi wa pwani hakuhitaji kiwanda. Alitwanga kipande cha papai bichi, akaipaka nyama nusu saa hivi kabla ya kubandika. Alijua pia kwamba likizidi au likikaa mno nyama inakuwa uji, na kwamba kulitia kwenye maji yanayochemka ni kulipoteza, kwa sababu moto mkali huiua papaini. Ufundi wenyewe ni huo wa kujua kiasi na wakati.

Maharage magumu nayo hayahitaji kidonge: ni kuloweka usiku kucha, na kwa yaliyokaa sana ghalani, chembe ya magadi.

Hayo hayamaanishi kwamba dawa za maumivu hazina kazi nje ya kikombe cha maji. Huko Guam, kisiwa kilichovamiwa na nyoka wa miti walioangamiza ndege wa asili, mwaka 2013 Wamarekani walidondosha kutoka kwenye helikopta panya wafu waliobebeshwa miligramu 80 za paracetamol, kiasi kinachomuua nyoka huyo. Mwaka 1979 Raymond White wa Uingereza alionyesha kuwa tumbaku iliyopewa aspirini hupambana vizuri zaidi na virusi vya majani, kwa kuwa dawa hiyo ni jamaa wa asidi salisiliki ambayo mimea huitumia kujilinda. Hizo ni kazi zilizopimwa. Kubandika aspirini kwenye ufizi wa jino linalouma hakumo humo. Ile ni asidi, na huunguza nyama ya kinywa hadi ikawe nyeupe. Safu hii imewaona waliofanya hivyo wakirudi na jino bovu na kidonda juu yake.

Turudi jikoni. Kosa la mpishi lilianza kabla hajagusa mfuko wa aproni. Kwenye video anasema mwenyewe kwamba mafiga yaliwashwa saa nne asubuhi na wageni wameambiwa chakula ni saa saba. Toa muda wa kukata na kukaanga, nyama inabakiwa na saa moja na nusu. Wapishi wa shughuli wa zamani, wale wa Tanga na Mombasa waliopikia mitaa mizima, walibandika nyama ya ng'ombe mzee kabla ya adhana ya alfajiri, wakapunguza kuni jua lilipochomoza, na saa tano ilikuwa tayari inasubiri mchele.