Tarakimu 196608: RAM Iliyosomwa Nusu

Kompyuta ya mizani ya malori katika kiwanda kimoja cha kusaga mahindi hapa Nakuru imepita miaka ishirini, na mzee mwenye kiwanda hana mpango wa kuibadilisha. Kinachomfunga ni kadi moja ya ISA inayopokea uzito kutoka kwenye mizani na kuukabidhi kwa programu ya Windows 98. Bodi za kompyuta za siku hizi hazina sloti ya ISA. Mashine hiyo ikilala, malori ya mahindi yanapanga foleni mpaka barabarani.

Karani alikuwa akilalamika kwamba akifungua daftari la hesabu pamoja na programu ya mizani, kila kitu kinakwama. RAM ilikuwa megabaiti 64 tu. Mzee akanunua stiki ya megabaiti 256 kibandani, akaichomeka mwenyewe, akawasha. Skrini ikahesabu 65536, ikasimama hapo. Akaniletea mashine nzima kwenye pikapu. "Fundi, hii RAM ni mbovu. Nirudishe nidai pesa yangu?"

Nilimwomba asubiri. Tarakimu inayopita kwenye skrini sekunde chache baada ya kuwasha ni ushahidi, nami huiandika kila mara kabla ya kugusa bisibisi. Megabaiti moja ni kilobaiti 1024, kwa hiyo 65536 ni megabaiti 64 kamili: stiki ya zamani peke yake. Ile mpya haikuonekana hata kidogo. Nikaitoa ya zamani, nikaiacha mpya peke yake kwenye sloti ileile. Hakuna picha, ila mlio mrefu unaojirudia.

Nikamulika tochi ndani ya sloti. Wengi husema jina la Nakuru limetokana na neno la Kimaasai linalohusu vumbi, na anayefungua kompyuta za mji huu hawezi kubisha. Kiangazi upepo hutuletea udongo wa majivu ya volkano kutoka upande wa Menengai, na maji ya ziwa yakirudi nyuma, huja na unga wa magadi. Magadi hula shaba. Kiwandani huongezeka unga wa mahindi, unaoshika unyevu. Sloti mbili zilizokaa tupu miaka yote hiyo zilikuwa na tope la kijivu lililokauka, na ile iliyokuwa na stiki ilikuwa na ukingo wa uchafu pande zote mbili.

Kazi hii haitaki haraka. Nilipitisha brashi laini kavu kwanza, kisha brashi ileile ikiwa na spiriti safi, sloti moja baada ya nyingine. Miguso 168 ya stiki niliisugua kwa kifutio cheupe cha penseli. Kile kigumu cha kufutia wino kinakwangua dhahabu, na ikishatoka hairudi. Nikaacha vikauke nusu saa, nikarudisha stiki zote mbili, nikawasha.

196608.

Toa 65536 za stiki ya zamani, zinabaki 131072, yaani megabaiti 128. Stiki ya 256 ilikuwa imesomwa nusu. Vumbi haliwezi kugawanya RAM katikati sawasawa namna hiyo. Mguso mchafu huleta kimya, au mashine inayoganda ovyo. Nusu kamili inaonyesha tatizo la anwani.

Chipu ya RAM hupanga data kwa safu mlalo na safu wima, na bodi huita safu kwa namba kupitia nyaya za anwani. Bodi ya mzee ina chipuseti ya Intel 440BX, iliyotoka mwaka 1998, na nyaya zake zinatosha kutaja safu mlalo kwa biti 12, yaani safu 4096. Stiki aliyonunua ilikuwa na chipu 8 tu, kila moja ya megabiti 256. Chipu za aina hiyo zinahitaji biti 13, safu 8192. Biti ya kumi na tatu haina waya kwenye bodi ile, hivyo nusu ya kila chipu haifikiki. Mzee alikuwa ameshauriwa abadilishe BIOS. Ushauri huo ungempotezea siku bure, kwa sababu hakuna programu inayoweza kuongeza waya ambao haukutengenezwa.

Stiki yenyewe ilikuwa imeeleza haya tangu mwanzo. Pembeni ina chipu ndogo ya miguu minane inayohifadhi maelezo yake, na baiti namba 3 hutaja biti za safu mlalo. Niliisoma: 13. Asiye na kifaa cha kusomea ahesabu chipu kwa macho. Kwa bodi za 440BX, stiki ya 256 inayofaa huwa na chipu 16, nane kila upande, za megabiti 128 kila moja.

Sikuwa na hiyo. Nilikuwa na mbili za megabaiti 128, zenye chipu nane nane za megabiti 128, kutoka mashine zilizokufa kwa sababu nyingine. Nilizichomeka pamoja na ile ya 64: 327680, megabaiti 320. Kwa Windows 98 hicho ni kiasi kizuri, maana ikipita 512 huanza matatizo mengine. Jioni nikawasha Memtest86+ kutoka kwenye flopi, nikaiacha ikikagua usiku kucha. Stima haikupotea, na asubuhi hapakuwa na kosa hata moja.

Stiki ya 256 haikurudishwa kibandani. Mzee aliniachia, tukabadilishana. Sasa iko kwenye mashine yangu ya majaribio yenye chipuseti ya Intel 815, na inahesabiwa yote.